Mlango wa Mlalamikaji: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vyama vya Wanasaikolojia na Washauri Nasaha nchini Kenya

Waheshimiwa viongozi,

Mwaka jana bibi mmoja, wa umri wa marehemu mama yangu, aliingia katika chumba changu cha ushauri hapa Mombasa. Akavua viatu mlangoni, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Kabla sijamkaribisha sawasawa akaniuliza: "Mwanangu, haya nitakayokwambia, ukiyatoa nje, mimi nikushtaki wapi?"

Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilianza katika vituo vya ushauri na upimaji wa virusi vya Ukimwi, enzi zile VCT zilipokuwa zikifunguliwa hata ndani ya mahema. Diploma niliisomea jioni baada ya kazi, digrii ikaja baadaye, watoto wakiwa wakubwa. Nimeulizwa kama nimeolewa, kama natoka Kisauni au bara, kama nami nimewahi kufiwa. La bibi sikuwahi kuulizwa. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ya chumbani hubaki chumbani, siri huvunjwa pale tu maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na hata hapo mwenyewe huambiwa kwanza. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hayo ni ya wewe usikosee. Mimi nimeuliza ukishakosea."

Sikuwa na jibu la kumpa mtu kama yeye. Kanuni zetu za maadili zimeandikwa kwa Kiingereza. Kamati ya maadili ya chama ninachokilipia ada kila mwaka hukutana Nairobi. Malalamiko hupelekwa kwa barua pepe, na simu ya bibi ni mulika mwizi. Nilimwambia nitamtafutia jibu. Barua hii ni sehemu ya kutafuta.

Naiandika sasa kwa sababu mmeshika uongozi wakati taaluma yetu inageuka mbele ya macho yetu. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ikaunda Bodi na kuweka msingi wa usajili, ili jina hili lisiwe la kila anayejiita. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilizunguka nchi, likarudi na pendekezo kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho. Waajiri ambao zamani walituona watu wa maneno matupu sasa wanatupigia simu. Shule zinatuita, makanisa na misikiti inatuita, polisi wenyewe wanatuita. Vijana nao wanafungulia moyo programu za mazungumzo kwenye simu saa nane za usiku, wakati sisi tumelala, na hilo linataka barua yake peke yake.

Katika mikutano yetu mabadiliko haya huzungumzwa kwa lugha ya nafasi. Nani atasajiliwa, nani ataachwa nje, nani ataitwa mwanasaikolojia na nani atabaki mshauri, bima italipa kiasi gani kwa saa, vyama viungane au kila kimoja kishike njia yake. Siyadharau. Mimi mwenyewe nalipa kodi ya chumba na karo ya watoto kwa kazi hii. Lakini nimekaa katika mikutano hiyo kutwa nzima, chai ya saa nne mpaka chai ya saa kumi, bila kusikia mtu akitaja swali la bibi. Nami naamini uongozi wenu utapimwa kwa swali hilo kabla ya mengine yote: mtu aliyeumizwa na mmoja wetu akibisha, anafunguliwa na nani?

Niruhusuni niwarudishe Shakahola. Aprili 2023 makaburi ya watu waliojinyima chakula kwa imani yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, wengi wetu wa Pwani tuliacha ratiba zetu tukaenda Malindi. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Mtu aliyekaa na baba anayesubiri majibu ya DNA ya watoto wake wote haulizi tena kama ushauri nasaha ni kazi ya kweli. Hapakuwa na mbinu ya darasani iliyotosha. Kulikuwa na kukaa tu, kumpa mtu maji, na kumwacha amtaje mtoto kwa jina lake mara nyingi anavyotaka.

Halafu Juni mwaka huohuo tukaona jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Waliookolewa msituni, 65 kwa idadi, walifikishwa katika mahakama ya Shanzu wakituhumiwa kujaribu kujiua, kwa kuwa walikuwa wakikataa chakula katika kituo walikohifadhiwa. Mahakama ikaamuru wapelekwe gerezani. Ni watu walioshawishiwa kwa miaka kwamba njaa ni njia ya kumwendea Yesu, waliozika watoto wao kwa imani hiyo, na nchi haikuwa na mlango mwingine wa kuwapitisha isipokuwa wa washtakiwa.

Kifungu kilichotumika kilikuwa cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Mwingereza, kilichoweza kumfunga mtu hadi miaka miwili kwa kosa la kutaka kufa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitamka kuwa kinyume cha Katiba. Siku ile nililia ofisini, sioni haya kusema. Miaka mingi nimekuwa na wateja waliokuja na alama shingoni wakiniapisha nisimwambie daktari, kwa kuogopa daktari angemwambia polisi. Waliokipeleka kifungu hicho mahakamani walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na raia mmoja aliyejitokeza kwa jina lake. Nawashukuru wote watatu. Na ninatamani, kwa dhati ya moyo, kwamba kesi ya namna hiyo itakapofunguliwa tena nchini mwetu, jina la kwanza kwenye faili liwe la chama cha wanasaikolojia.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya chama kingine, kikubwa kuliko vyetu vyote vikijumlishwa. Hainifurahishi kuisimulia. Naisimulia kwa sababu kilipotea wakati wa mabadiliko makubwa, kikiongozwa na watu wenye elimu na nia ya kuinua taaluma yao, na mmoja wa waliolipia upotevu huo alikuwa jirani yetu wa Zanzibar.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilianzishwa mwaka 1892. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 serikali ya Marekani iliwahitaji wanasaikolojia kuliko wakati wowote tangu vita vikuu. Wawili kati yao, James Mitchell na Bruce Jessen, waliokuwa wakiwafundisha wanajeshi wa Marekani kustahimili mateso wakitekwa, waliligeuza somo lile upande wa pili na kuliandalia shirika la ujasusi la CIA namna ya kuwahoji wafungwa. Msingi wao ulitoka katika majaribio ya miaka ya 1960 ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameyasoma: mbwa aliyepigwa umeme mara kwa mara bila njia ya kuukwepa, mwishowe hulala tu akaupokea, hata njia ya kutoka ikiwa wazi. Sisi tulifundishwa jaribio lile ili tumwelewe mwanamke anayepigwa miaka kumi na asiondoke. Wao walitaka kumfikisha binadamu mahali alipofika mbwa. Ripoti ya Seneti ya Marekani ya Desemba 2014 ilisema kampuni yao ililipwa dola milioni 81.

Machi 2003 Mzanzibari mmoja, mvuvi na mfanyabiashara mdogo, alikamatwa Mogadishu. Simtaji jina, ingawa kesi aliyoifungua baadaye inabeba jina lake. Amepitia ya kutosha. Katika kukamatwa kwake vyombo vya usalama vya Kenya vilikuwa na mkono, na hili tusilipite haraka kwa kuwa ni letu. Akapelekwa Afghanistan, katika gereza la siri ambako hapakuwa na mwanga hata kidogo, muziki wa kelele ukipigwa usiku na mchana ili watu wasisikilizane. Alimwagiwa maji ya barafu, akafungwa minyororo ukutani, akafungiwa katika sanduku, akanyimwa usingizi. Baadaye akahamishiwa gereza la jeshi la Bagram. Mwaka 2008, baada ya miaka mitano, aliachiliwa na karatasi inayosema kwamba si tishio kwa majeshi ya Marekani. Akarudi Zanzibar. Mwaka 2015 yeye, Mlibya mmoja na jamaa za Mwafghani aliyekufa kwa baridi katika gereza lile waliwashtaki Mitchell na Jessen katika jimbo la Washington. Agosti 2017, kesi ikikaribia kusikilizwa, pande mbili zilipatana, na masharti ya mapatano yakabaki siri.

Mtaniuliza, chama kilihusikaje? Waliotesa walikuwa wachache, na chama ni chama. Hapo ndipo pa kusoma polepole.

Mwaka 2005 habari za magereza yale zikiwa zimeanza kuvuja, APA iliunda kikosi kazi cha kuamua kama ni halali kwa mwanasaikolojia kushiriki katika kuwahoji wafungwa wa vita. Wengi wa wajumbe wake walikuwa na kazi au mafungamano na jeshi na ujasusi. Walikutana mwishoni mwa wiki moja ya Juni. Katika siku chache ripoti ilikuwa tayari, na halmashauri ya juu ikaipitisha kwa dharura bila kuipeleka kwenye baraza la wawakilishi wa wanachama. Ilisema wanasaikolojia wanaweza kuwepo, ili mambo yafanyike kwa usalama, kwa njia halali, kimaadili na kwa ufanisi. Mjumbe mmoja, Jean Maria Arrigo, alitoka akasema hadharani kwamba kikosi hakikuwa huru. Alitengwa. Mwaka 2008 wanachama wenyewe walikusanya saini, wakalazimisha kura, na karibu asilimia 59 ya waliopiga wakasema wanasaikolojia wasifanye kazi mahali ambapo sheria za kimataifa zinavunjwa. Makao makuu yakaendelea kama kawaida.

Novemba 2014, baada ya kitabu cha mwandishi mmoja wa habari kufichua barua pepe za ndani, chama kilimwajiri wakili David Hoffman achunguze. Ripoti yake ya Julai 2015 ilipita kurasa 500. Ilisema maofisa wa chama walipatana na maofisa wa Wizara ya Ulinzi ili miongozo ya maadili isiwabane wanasaikolojia wa jeshi kuliko jeshi lilivyokuwa tayari kubanwa. Kwa nini? Wizara ya Ulinzi ilikuwa mwajiri mkubwa, mlezi wa taaluma na mpaji wa nafasi. Chama kilitaka kubaki karibu naye. Baadhi ya waliotajwa waliikana ripoti hiyo, wakaenda mahakamani kuipinga, na ni haki yao kuisema kwa upande wao.

Lakini ndani yake kuna sehemu isiyohusu vita wala magereza, na hiyo ndiyo iliyonifanya niitunge barua yangu hii kichwani miaka kadhaa kabla ya kuiandika. Hoffman alitazama jinsi ofisi ya maadili ilivyoshughulikia malalamiko dhidi ya wanasaikolojia. Akakuta kwamba utaratibu wake ulitanguliza kumlinda mwanasaikolojia, hata aliyekosea, kuliko kumlinda mwananchi. Faili zilifungwa mapema, na maswali ambayo yangepaswa kuulizwa hayakuulizwa.

Basi fikirini mpangilio wake. Watu husema chama kile kilipotezwa na vita. Mimi nasema vita viliingia kupitia mlango uliokuwa umeshalegea. Chama kilichozoea kumtazama mlalamikaji kama mtu wa kutulizwa, kilipoletewa malalamiko kuhusu mateso ya wafungwa, kilifanya kile kilichokuwa kimezoea kufanya. Agosti 2015, katika mkutano wa Toronto, baraza lilipiga kura 157 kwa 1 kuwakataza wanasaikolojia kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa. Viongozi wa juu walikuwa wakiondoka. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu ile wikendi ya Juni.

Sitaki mtu aseme hayo ni ya Wamarekani. Sisi tulikuwa na yetu mapema zaidi, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 mpaka 1950 iliongozwa na John Colin Carothers, daktari aliyepewa kazi hiyo bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Kutokana na wagonjwa aliowaona ndani ya kuta zile aliandika juu ya akili ya Mwafrika mzima, kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni, ikiwa katikati ya Hali ya Hatari, ilimwita aichambue Mau Mau. Akaandika kijitabu kilichochapwa na mpiga chapa wa serikali huko Nairobi. Watu waliodai ardhi yao waliyonyang'anywa wakawa, katika kurasa zile, watu waliovurugika nafsi kwa kushindwa kuhimili mabadiliko. Aliunga mkono wakusanywe katika vijiji. Waliokusanywa kwa nguvu, wakazungushiwa mahandaki na miiba, walipita milioni moja.

Carothers hakuwa na chama cha kumwuliza. Na hao aliowaandika hawakuwa na pa kumshtaki. Daktari wa magonjwa ya akili Frantz Fanon alimjibu kwa maandishi mwaka 1961, lakini mgonjwa wa Mathari hakuwa na Fanon kitandani kwake.

Kwa hiyo ninyi mnaoongoza sasa mmepokea nyumba yenye historia. Elimu yetu imekodishwa na wenye nguvu mara mbili katika eneo letu hili, kila mara kwa jina la kusaidia wakati mgumu. Msidhani hatutaombwa tena. Kaunti ya Kwale ilizindua mpango wake wa kukabili itikadi kali mwaka 2017, kaunti nyingine za Pwani zikafuata, na katika mipango ya namna hii mshauri nasaha ana nafasi yake, ya kukaa na kijana aliyerudi kutoka Somalia, na mama yake asiyelala. Ni kazi njema. Nimeifanya. Lakini katika mradi mmoja nilioufanyia kazi nililetewa fomu mpya nikiwa nimeshakutana na vijana mara nne, ikinitaka niwasilishe maandishi ya vikao vyangu kila mwezi. Nikauliza yanasomwa na nani. Nikaambiwa, "Ni utaratibu tu, madam." Nilikataa, mkataba ukaisha. Sijutii, ingawa mwezi ule karo ilichelewa. Kinachoniuma ni kwamba nilipokipigia simu chama changu kuuliza msimamo wake ni upi, nilijibiwa kwa upole kwamba nitumie busara yangu. Mshauri kijana mwenye mkopo na mtoto mchanga angetumia busara gani?

Hilo ni moja. La pili ni zito zaidi kwangu, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu mwenye habari hakunipa ruhusa ya zaidi. Miaka iliyopita msichana mmoja alinijia baada ya kuumizwa na mshauri mwenzetu, mtu mzima, aliyeheshimika, aliyefundisha wengi. Alimgeuza mteja kuwa mpenzi, na alipomchoka akamwambia kuwa ni ugonjwa wake uliomfanya aelewe vibaya. Nilimsaidia msichana kuandika malalamiko. Tuliyaandika kwa Kiswahili, kisha nikayafasiri kwa Kiingereza kwa kuwa tuliambiwa hivyo. Ilipita miezi kumi na minne. Jibu lilipokuja lilikuwa na aya mbili, na ndani yake maneno "kulinda heshima ya taaluma". Msichana aliyasoma mara mbili, akakunja karatasi, akanishukuru. Alinishukuru mimi! Hakurudi tena kwa mshauri yeyote, na sina uso wa kumwambia arudi.

Siandiki ili mtu yule asakwe leo. Naandika kwa sababu heshima ile iliyolindwa sikuiona popote. Mtaani kwao yule msichana kila mtu anajua. Dada zake wanajua, jirani anajua, na mmoja wao akipata mawazo leo, akikosa usingizi, ataenda kwa mganga au atanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi ndio tunaowaambia watu wafunue. Basi aliyefunua akachekwa, au akachezewa, atakwenda wapi?

Najua nitajibiwa kwamba nidhamu ni kazi ya Bodi, kwamba Bodi ni ya umma na chama ni cha wanachama. Kisheria tofauti ipo. Lakini mteja haijui, wala si wajibu wake kuijua. Anachokiona kwenye cheti ukutani kwangu ni chama. Nembo yenu ndiyo iliyomfanya aketi. Na chama kikisema kazi yake ni kuwalinda wanachama tu, kimeshanieleza mimi mwanachama kwamba siku nikikosea nitalindwa dhidi ya bibi yule. Sitaki ulinzi huo.

Ninachowaomba kinawezekana kabla ya mkutano mkuu ujao. Fasirini kanuni za maadili kwa Kiswahili, na msimpe kazi hiyo mtu wa kamusi peke yake. Mpeni pamoja na mshauri wa Likoni au Kakuma aliyezoea kusikia watu wakisema "nina mawazo", "moyo unanienda mbio", "sina raha", badala ya majina ya magonjwa. Kurasa mbili zinatosha kwa mteja: hii ni haki yako, huu ni mwiko kwangu, hapa ndipo pa kulalamika. Wekeni namba ya simu inayopokelewa na mtu, na malalamiko yaweze kusemwa kwa mdomo, kwa lugha ya mwenyewe, yakaandikwa na anayepokea. Katika kamati ya maadili waingizeni watu wasio wa taaluma yetu, wakiwa wengi wa kutosha kutushinda kwa kura. Mwalimu mstaafu, wakili, mtu aliyewahi kuwa mteja. Wekeni siku za mwisho, na zikipita bila jibu, mwenyekiti aeleze kwa nini. Kila mwaka tangazeni malalamiko mangapi yalipokewa, mangapi yalithibitika, na nini kilifanyika, bila majina ya walioumizwa. Mwaka wa kwanza hesabu itakuwa kubwa na magazeti yatatuandika. Vumilieni. Mimi nitaogopa zaidi ikiwa sifuri.

Na serikali, jeshi, polisi au mfadhili akija na kazi, pokeeni. Nchi ni yetu, na askari wetu nao wanavunjika. Nimewahi kukaa na polisi aliyekuwa hawezi kuvaa sare bila kutapika. Ila mkataba wowote utakaosainiwa na chama uwekwe mahali wanachama wanaweza kuusoma, na pawe na kanuni moja iliyo wazi, ya kumwambia mshauri kijana wa Lamu kwamba akikataa kutoa maandishi ya mteja, chama kizima kimesimama nyuma yake.

Kuhusu usajili, neno moja. Katika kusafisha nyumba msiwatupe wale waliotubeba. Wengi walioshika mikono ya watu wakisubiri majibu ya virusi, miaka ile dawa zilipokuwa hazijafika, hawana digrii. Wako wanaofanya kazi hii kwa uaminifu kuliko wengi wetu tuliosoma. Wapimeni, wafundisheni, wapeni muda na njia ya kupanda. Yule aliyemwumiza msichana wangu alikuwa na vyeti vyote.

Kuna jambo lingine nimekuwa nikiliona tangu mchaguliwe. Mnasikiliza. Mmoja wenu alikuja Mombasa, akakaa nasi kwenye viti vya plastiki mpaka magharibi, akaandika kila tulichosema kwa mkono wake. Ndiyo maana nimeandika barua hii nikiwa na matumaini, na kuiandika wazi, ili wenzangu waisome na wanisahihishe nilipokosea, na ili hata mteja akiishika ajue kwamba kuna watu wa kazi hii wanaotaka ashtaki pale inapobidi.

Bibi aliendelea kuja. Alingoja wiki tatu kabla ya kuniambia lililomleta, nami sikumharakisha. Wakati huo niliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mambo saba ambayo sitamfanyia mteja kamwe, nikayabandika ukutani upande wa kiti chake. Chini yake niliandika: "Nikikosea, piga simu namba hii." Nikaacha nafasi. Bibi aliisoma yote, akaweka kidole pale palipo wazi, akaniangalia. Nikamwambia nimeiomba. Akasema, "Haya, tungoje," akaketi.

Ninangoja pamoja naye. Namba mtakayonipa nitaiandika siku hiyohiyo.

Wenu katika kazi,
Mshauri nasaha, Mombasa